Kupanga siku 500 za watu wanne Mirihi kwa daftari, ndoo na chokaa

Mashine ya oksijeni ya wodini ina mlio wake. Ukikaa nayo chumba kimoja utaisikia: pshii, kimya cha sekunde chache, pshii tena. Mlio huo ukibadilika hata kidogo, mimi huamka. Mimi ni fundi wa vifaa tiba mkoani Singida, mwaka wa kumi na nne sasa, na kazi yangu ni mashine za oksijeni, mashine za usingizi za chumba cha upasuaji, majokofu ya chanjo, na kila kitu kinachozima usiku wa manane wakati mgonjwa anakihitaji.

Jumamosi mchana huwa nakwenda kwenye klabu ya sayansi ya sekondari iliyo jirani na hospitali. Miaka miwili iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza kama binadamu anaweza kuishi Mirihi. Nikamwambia tusijibu ndiyo wala hapana, tupige hesabu. Hesabu ile imekuwa zoezi letu la muhula mzima, na walimu wa shule nyingine wameniomba niandike namna tunavyolifanya. Nimeandika kwa mpangilio tunaoufuata sisi, lakini wewe unaweza kulifanya hata ukiwa nyumbani na watoto wako.

Unahitaji daftari kubwa la mistari, ndoo yenye alama za lita, chokaa ile ya kupaka ukuta, mirija ya soda na saa. Kompyuta si lazima.

Kwanza weka masharti

Andika ukurasa wa kwanza: watu wanne, siku 500 juu ya ardhi ya Mirihi. Hizo siku 500 zina sababu. Dunia na Mirihi hukaa mahali pazuri kwa safari mara moja kila miezi 26 hivi. Chombo kisicho na watu cha Perseverance kiliondoka tarehe 30 Julai 2020 kikatua tarehe 18 Februari 2021, karibu miezi saba njiani. Mtu akifika huko anasubiri sayari zijipange tena ndipo arudi, na kusubiri kwenyewe ni mwaka na nusu kasoro kidogo. Kwa hiyo chini ya masharti hayo andika kwa herufi kubwa: HAKUNA DUKA KWA MIEZI 26. Kila mara wanafunzi wakisema "wataletewa", warudishe kwenye ukurasa huu.

Mtoto mmoja huuliza kwa nini tusiende Zuhura, maana ndiyo jirani anayetusogelea zaidi. Mjibu upesi: joto lake ni kama nyuzi 465 za selsiasi na presha ya hewa ni zaidi ya mara 90 ya yetu. Chombo cha Kisovieti Venera 13 kilichotua mwaka 1982 kilidumu dakika 127. Endelea na Mirihi.

Hewa chafu kabla ya hewa safi

Uliza swali hili kabla hujafundisha lolote: watu wakizibwa ndani ya chumba, nini kitawadhuru kwanza? Wote watasema ni kuishiwa oksijeni. Waachie jibu lao, kisha fanyeni jaribio la chokaa.

Koroga vijiko viwili vya chokaa katika lita moja ya maji, funika, acha ituame usiku kucha. Asubuhi mimina taratibu yale maji maangavu ya juu. Chokaa inachoma, kwa hiyo mtu asinyonye mrija wala asiyasogeze karibu na macho, na mikono ioshwe mara moja ikiguswa. Mwanafunzi apulize kwa mrija ndani ya glasi ya maji hayo. Ndani ya dakika moja au mbili yanageuka kama maziwa. Ule weupe ni hewa ukaa ya mapafu yake iliyonaswa na chokaa ikawa chembe ngumu. Wengi wao wanaijua hewa ukaa kwa jina la kitabuni tu. Hapa wanaiona imetoka kifuani mwao.

Sasa hesabu. Mtu mmoja kwa siku anatumia kama kilo 0.84 za oksijeni na anatoa kama kilo 1 ya hewa ukaa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 3, yaani lita 27,000 za hewa. Kilo moja ya hewa ukaa ni kama lita 550. Kwa hiyo mtu mmoja anaongeza hewa ukaa kwa asilimia 2 hivi kila siku. Watu wanne wanafikisha asilimia hizo 2 ndani ya saa sita tu: kichwa kinaanza kuuma, pumzi inakwenda mbio. Zikitimia saa 24 tangu waingie imefika asilimia 8, kiwango cha kumwangusha mtu. Wakati huohuo oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 hadi kama 11 au 12, na hiyo nayo ni hatari, lakini iliyotangulia kuwalewesha ni hewa waliyoitoa wenyewe. Fanyeni hesabu hii ubaoni, tena taratibu. Hili ni zoezi la karatasi tu: asifungiwe mtu chumbani wala asivishwe mfuko, hata kwa dakika moja.

Ndipo ninapotoa chupa yangu. Ni chupa ya plastiki angavu iliyozibwa, ndani yake kuna chembe za chokaa ya soda nilizozitoa kwenye mashine ya usingizi. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji anaweza kupumulia mzunguko uliofungwa: hewa anayoitoa inapita kwenye kopo la chembe hizi, hewa ukaa inabaki humo, hewa iliyosafishwa inamrudia. Chembe mpya ni nyeupe. Zikichoka zinageuka zambarau, na zambarau ile inapanda kwenye kopo kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Wanafunzi huipokezana chupa ile kimya. Hapo wanakuwa wamekwisha kuelewa mashine ya kwanza ya nyumba ya Mirihi, na iko umbali wa mita mia tatu kutoka darasani kwao.

Kisha wasimulie Apollo 13. Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka safarini kuelekea Mwezini, wanaanga watatu wakahamia kwenye chombo kidogo cha kutulia Mwezini kilichoandaliwa kwa watu wawili. Hewa ukaa ikaanza kupanda. Makopo ya kuisafisha yalikuwepo, ya haidroksidi ya lithiamu, ila ya chombo kikubwa yalikuwa ya mraba na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya mviringo. Waliunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada magumu, mabomba ya mavazi yao na utepe wa gundi, wakifuata maelekezo kwa redio. Waliokoka. Mimi sisimulii kisa hiki ili kusifu werevu wao, ingawa wanastahili. Nataka wanafunzi waandike kanuni kwenye daftari: kopo la mashine moja lazima liingie kwenye mashine zote.

Je, makopo yatatosha siku 500? Watu wanne watatoa kilo 2,000 za hewa ukaa. Kila kilo moja inahitaji zaidi ya kilo moja ya haidroksidi ya lithiamu, kwa hiyo ni zaidi ya tani 2 za makopo yatakayotumika mara moja na kutupwa. Haiwezekani. Inahitajika dawa inayonasa, inaachia, inanasa tena. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kazi hiyo inafanywa na zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana: inanasa hewa ukaa, kisha inapashwa joto na kufunguliwa upande usio na hewa ili iachie. Zeolaiti ndiyo iliyo pia ndani ya mashine yangu ya wodini, ila hapa kwetu inanasa naitrojeni ili ibaki oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ule mlio wa pshii ni zeolaiti ikitema ilichokinasa.

Oksijeni yenyewe itatoka wapi? Njia moja ni kupasua maji kwa umeme, kama wanavyofanya kituoni. Nyingine imeshajaribiwa Mirihi kwenyewe. Hewa ya kule ni hewa ukaa kwa asilimia 95, na Perseverance ilibeba kifaa kinachoitwa MOXIE, ukubwa wa oveni ya maikrowevu, kinachoipasha hadi nyuzi 800 na kutoa oksijeni ndani yake. Mara ya kwanza, Aprili 2021, kilitoa gramu 5.4. Mpaka kinamaliza kazi mwaka 2023 kilikuwa kimewashwa mara 16 na kutoa gramu 122 kwa jumla. Waambie wanafunzi wagawe: mtu anatumia kama gramu 35 kwa saa, kwa hiyo gramu zote 122 ni pumzi ya saa tatu na nusu. Kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa ni gramu 12 kwa saa, maana yake MOXIE tatu zinazofanya kazi kwa nguvu zote, usiku na mchana, zinamlisha mtu mmoja pumzi. Kwa watu wanne ni kumi na mbili. Mimi naiona ni habari njema sana, kwa sababu mashine imeonyesha kuwa inawezekana na hesabu inatuambia ikuzwe kiasi gani.

Maji: pima nyumbani kwako

Wape wiki moja. Kila mwanafunzi apime kwa ndoo maji yanayotumika kwao siku moja, akitenga ya kunywa, kupika, kuoga, vyombo, kufua na choo. Kwangu tulikuwa watano na tulimaliza madumu manane ya lita 20, yaani lita 32 kwa kila mtu, na siku ile hatukufua. Watoto wanaochota kisimani ndio wanaofanya zoezi hili vizuri kuliko wote, kwa kuwa wanaujua uzito wa kila dumu.

Kwa Mirihi sisi tumekubaliana lita 12 kwa mtu kwa siku, ukijumlisha kila kitu. Nguo hazifuliwi, zinavaliwa mpaka basi. Watu wanne kwa siku 500 wanatumia lita 24,000, na hakuna chombo cha kubeba hizo. Lazima maji yazunguke: mkojo, jasho, hata unyevu wa pumzi unaogeuka matone kwenye mabomba ya baridi, vyote vinarudishwa. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kuwa kituo cha anga kimefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Asilimia za mwisho zilipatikana kwa kukamua lile tope la chumvi linalobaki baada ya kuchuja mkojo. Wape wanafunzi hesabu hii: ukirudisha asilimia 98 utapoteza lita 480 kwa siku 500, ukirudisha asilimia 94 utapoteza 1,440. Tofauti hiyo ni karibu tani moja, na inatokana na kifaa kimoja cha kukausha tope kufanya kazi au kutofanya kazi.

Barafu ipo Mirihi. Chombo cha Phoenix kilichimba mfereji mdogo karibu na ncha ya kaskazini mwaka 2008 kikaikuta sentimita chache chini ya udongo. Iandikeni kwenye daftari kama akiba, msiitegemee siku ya kwanza: kuichimba kunahitaji mitambo, na wastani wa joto kule ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri.

Nyumba ni kama mpira wa gari

Watoto wakiichora nyumba ya Mirihi wanachora kuta na paa, kama za kwetu, za kuzuia kitu cha nje kisiingie. Wapeleke kwa mtu wa kuziba pancha. Presha ya hewa ya Mirihi haifiki asilimia moja ya yetu. Ndani ukiweka presha ya kawaida ya duniani, mlango wa mita 1 kwa 2 unasukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 20. Ndiyo maana michoro ya wahandisi ina maumbo ya duara na mapipa, kwa sababu pembe ndiyo inayopasuka kwanza. Fundi wa pancha anaweza kuwaonyesha jambo jingine pia: tairi hata ikiwa nzima hupungua upepo wiki baada ya wiki. Nyumba nayo itavuja kidogo kidogo kwenye kila raba ya mlango, na kilichovuja lazima kirudishiwe, naitrojeni pamoja na oksijeni.

Mtu akitoka nje bila vazi lenye presha, hata pua ikiwa na oksijeni, mate yatachemka mdomoni. Presha ikishuka chini ya milibari 63 hivi, maji huchemka kwa joto la mwili wenyewe, na Mirihi ina milibari 6 au 7 tu.

Mionzi ndiyo sura ninayoifundisha nikiwa na mwenzangu wa chumba cha eksirei. Yeye huja na beji yake ya kupimia mionzi, ambayo husomwa mara kwa mara kuhakikisha hazidishi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Kifaa kilichokuwa ndani ya chombo cha Curiosity kilipima kama milisivati 1.8 kwa siku safarini na kama 0.67 kwa siku juu ya Mirihi. Tukihesabu siku 180 za kwenda, 500 za kukaa na 180 za kurudi, tunapata karibu 980. Kiwango ambacho NASA imemwekea mwanaanga kwa maisha yake yote ya kazi ni 600. Mwenzangu huiweka beji mezani na kuwaacha waiangalie. Hapo ndipo wanafunzi wenyewe hupendekeza kufukia nyumba chini ya mita kadhaa za udongo, na hilo ndilo pendekezo la wataalamu pia. Waambie warudi kwenye mchoro wao waufute.

Udongo na chakula

Udongo ule mwekundu una klorini na oksijeni zilizoungana kuwa chumvi inayoitwa pakloreti, karibu nusu asilimia au zaidi, na ni Phoenix tena iliyoigundua. Kwetu hili halina haja ya maelezo marefu. Bibi zetu wa nyanda za juu waliota rovu shingoni kwa kukosa madini joto, ndiyo sababu chumvi yetu sasa inatiwa madini hayo. Pakloreti inaizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto hata kama yapo kwenye damu. Kwa hiyo usipande mboga kwenye udongo wa Mirihi kabla haujaoshwa, na vazi la nje lisiingie sebuleni na vumbi lake. Kwa siku 500 za kwanza chakula kikuu kitabebwa kutoka nyumbani. Bustani ndogo ya majani iongezwe kwa sababu vitamini C hupungua kwenye chakula kilichohifadhiwa muda mrefu, na kwa sababu binadamu anahitaji kuona kitu kibichi. Wanaanga walikula letisi waliyoiotesha wenyewe kituoni Agosti 2015. Kidogo, lakini walikula.

Asiyeamini kwamba bustani na hewa ni jambo moja asome habari za Biosphere 2, jumba la vioo huko Arizona lililofungwa na watu wanane ndani, Septemba 1991 hadi Septemba 1993. Walikuwa na mashamba, msitu mdogo na bwawa la matumbawe. Ndani ya miezi 16 oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi 14 na kidogo, sawa na kuishi juu ya Kilimanjaro kati ya Horombo na Kibo, wakilima kila siku. Ilibidi waongezewe oksijeni kutoka nje. Vijidudu kwenye udongo ulioshiba mboji ndivyo vilivyoila. Hewa ukaa iliyotoka kwa vijidudu hivyo ilipaswa kuonekana kwenye vipimo, lakini haikuonekana yote, na watu walihangaika kujua imekwenda wapi. Ilikuwa imenaswa na zege la kuta. Saruji ina chokaa. Nikifika hapo huwa narudisha ile glasi ya maji meupe mezani.

Umeme na vumbi

Mwanga wa jua Mirihi ni chini ya nusu ya wetu, na dhoruba ya vumbi inaweza kuifunika sayari nzima. Dhoruba ya 2018 ndiyo iliyoizima Opportunity, roboti ya magurudumu ya sola, ambayo ilipangiwa siku 90 na ikatembea zaidi ya miaka 14. Mara ya mwisho ilisikika tarehe 10 Juni 2018. Kwa hiyo sola peke yake haitoshi, na watu wanne hawawezi kungoja vumbi litulie ndipo wapumue. Curiosity na Perseverance zinatumia joto la plutoniamu. Nyumba ya watu itahitaji nishati ya nyuklia kubwa kuliko hiyo, na sola ikae pembeni kama msaidizi.

Vumbi lenyewe nalijua kwa mikono. Niliwahi kuletewa mashine ya oksijeni kutoka kituo kimoja cha afya, imeandikwa kwa kalamu kwenye plasta: "haitoi". Niliipima ikatoa asilimia 71 badala ya 93. Nikafungua nyuma. Sponji ya kuchuja hewa, ambayo ni nyeusi ikiwa mpya, ilikuwa nyekundu na ngumu kama kipande cha tofali. Wodi ile ilitazamana na barabara ya vumbi. Muuguzi aliyekuwa akiiosha sponji kila wiki alihamishwa, na hakuna aliyemwambia aliyempokea. Niliiosha kwa sabuni, nikaikausha, nikairudisha, kipimo kikapanda hadi 88 kikagoma hapo. Kompresa ilikuwa imevuta hewa kwa shida miezi mingi mpaka ringi zake zikalika. Sponji ya shilingi elfu chache ilikuwa imeua kompresa, na kompresa tuliisubiri wiki tisa. Kwa wiki tisa kituo kile kilitegemea mitungi. Sijaisahau ile sponji, na kila kundi jipya la klabu nalionyesha nyingine kama hiyo.

Daftari la spea

Hii ndiyo sehemu ninayowaomba walimu waipe Jumamosi tatu, hata kama mengine mtayapitia haraka. Kila mwanafunzi aende nyumbani aandike kila kitu kilichoharibika kwao katika siku 500 zilizopita. Aulize wazazi. Watarudi na orodha ndefu: koki ya bomba, chaja mbili, kioo cha simu, balbu, bawaba ya mlango, mpini wa jembe, bomba la jiko la gesi, zipu, redio, mnyororo wa baiskeli. Mwaka jana orodha fupi kuliko zote ilikuwa na vitu 19. Kisha waweke alama nyekundu kwenye kila kitu ambacho, kikiharibika Mirihi, kinaweza kuua mtu: koki, bomba la gesi, bawaba, hata zipu.

Sasa wapangie vipuri. Siku 500 ni saa 12,000. Kama chujio hubadilishwa kila saa 2,000, unahitaji sita kwa kila mashine, na mashine za hewa ziwe tatu: moja inafanya kazi, moja iko tayari, moja imefunguliwa mezani. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau. Mashine inayotengenezwa haihesabiki kuwa ipo. Oringi, gasketi, feni na pampu zichaguliwe za saizi chache iwezekanavyo ili kipuri kimoja kihudumie mashine nyingi, na hapa kumbukeni makopo ya mraba na ya mviringo.

Waandike pia namna ya kuchunguza hitilafu, maana kipuri bila uchunguzi ni bure. Tarehe 9 Julai 2013 mwanaanga Mwitaliano Luca Parmitano alirudi kutoka kazi ya nje ya kituo akiwa na maji ndani ya kofia ya vazi lake. Ikadhaniwa ni mfuko wa maji ya kunywa uliovuja. Tarehe 16 akatoka tena na vazi lilelile, na maji yakaanza kujaa kofiani, yakafunika macho, yakaingia puani, akarudi kwenye mlango kwa kupapasa. Chanzo kilikuwa uchafu ulioziba sehemu ya kutenganisha maji na hewa ndani ya mfumo wa kupoza vazi. Kwenye kazi yangu nimefanya kosa la namna hiyohiyo: kuambiwa mashine ina tatizo, nikamwelekeza muuguzi namna ya kuitumia, kumbe waya ulikuwa umekatika ndani. Kwa hiyo kanuni yetu darasani ni hii: mtumiaji akiripoti jambo lolote la ajabu, mashine inafunguliwa kwanza, na sababu inaandikwa baada ya kuonekana kwa macho.

Watu wenyewe

Ujumbe wa redio kutoka Mirihi unachukua dakika 3 hadi 22 kufika, kutegemea sayari ziko wapi, na kuna kama wiki mbili ambapo Jua linakaa katikati na mawasiliano yanasimama. Fanyeni zoezi: kundi moja darasani, jingine chini ya mwembe, na karatasi ya swali ipelekwe kila baada ya dakika 20. Kundi la darasani lifungue pampu ya baiskeli na kuifunga upya kwa maelekezo ya hizo karatasi. Litachukua mchana kutwa, na watagombana. Waache wagombane kidogo, kisha waulizeni ni neno gani kwenye karatasi lililowachanganya.

Kwa siku ya mwisho tunabadilishana madaftari, kundi moja linatafuta tundu kwenye mpango wa jingine. Muhula uliopita kundi la wasichana watano lilisoma mpango wa wenzao kuanzia mwanzo hadi mwisho, mashine tatu, vipuri vimehesabiwa, kila kitu. Wakaandika chini swali moja: fundi akiugua, nani anatengeneza hewa? Wenzao walikuwa wamempa kazi hiyo mtu mmoja tu. Tulikaa nusu saa tukiongeza ukurasa. Sasa umo kwenye ratiba ya kila daftari: mara moja kwa wiki, mmoja wa wale watatu wasio mafundi afungue pampu ya mashine ya hewa na kuifunga tena peke yake, kwa zamu, fundi akiwa amekaa pembeni mikono mapajani, asiguse spana hata akiombwa.